Fedha ya jumuiya ina mwenyewe: mwongozo wa kuanzisha, kuchangisha na kutoa hesabu

Maalim aliyenirithisha kazi ya ushika fedha, pale Wete, alikuwa na bweta, sanduku dogo la bati lenye kufuli moja. Ndani mlikuwa na bahasha za kaki, kila moja imeandikwa kwa wino mweusi: Mayatima. Kisima. Fitri. Ofisi. Siku moja tulikosa nauli ya kumpeleka mjumbe Chake Chake, na bahasha ya Ofisi ilikuwa tupu. Ya Mayatima imetuna. Nikamwambia tuchukue humo, Ijumaa tutarudisha. Alifunga bweta, akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu yake, akatoa za kwake. "Hii ina mwenyewe," akaniambia, "na mwenyewe hajasema tumpe mtu nauli."

Nimekaa kwenye kamati za jumuiya kwa miaka mingi tangu siku ile, Pemba na Unguja. Nimeona jumuiya zikifa, na kwa nilivyoona, nyingi hazikufa kwa wizi. Zilikufa kwa sababu mtu alifungua bahasha ya Mayatima akalipa nauli, akarudisha, akafungua tena, hata ikafika siku hakuna anayejua kilichomo ndani ni cha nani. Nawaandikia ndugu zangu waliokwisha kukubaliana barazani kuwa wanataka kusaidia watu wa shehia yao, na sasa wanauliza waanzie wapi.

Hatua ya 1: Semeni mnamsaidia nani, kwa jambo gani

Andikeni sentensi moja. "Kuwasaidia watoto mayatima wa shehia yetu wapate sare, madaftari na ada za mitihani." Hiyo inatosha. Sentensi ya "kuinua elimu, afya, mazingira, michezo, wanawake na vijana" itawapendeza nyote siku ya mkutano, lakini mwaka wa pili hamtajua fedha iliyoingia ilikuwa ya nini. Mtakapokuwa na nguvu mtaongeza.

Kwenye mkutano huohuo waambieni waanzilishi jambo moja kwa sauti: jumuiya haina mmiliki. Aliyetoa wazo, aliyetoa kiwanja, aliyelipia fomu, wote wakishatoa wametoa. Mwanzilishi anayesema "jumuiya yangu" baada ya usajili anahitaji kukumbushwa mapema, kwa heshima, na mtu mzima wa makamo yake.

Kama mnachotaka kutoa ni mali moja yenye kudumu, nyumba, shamba la mikarafuu au duka ambalo kodi yake iende msikitini au kwa maskini, huenda mnachokihitaji ni wakfu, siyo jumuiya. Zanzibar imekuwa na tume ya kusimamia wakfu tangu 1905, na leo kazi hiyo iko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, chini ya sheria ya 2007. Nendeni mkaulize huko kwanza.

Hatua ya 2: Katiba, na hapa msiharakishe

Watu wengi huazima katiba ya jumuiya nyingine, hubadilisha jina, hupeleka. Nimewahi kuisoma katiba ya jumuiya ya wavuvi yenye kifungu cha mabweni ya wanafunzi. Kaeni usiku mbili tatu, muandike yenu.

Mambo ambayo lazima yawe wazi ni haya. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho, na ukutane angalau mara moja kwa mwaka. Chini yake kuna kamati tendaji. Watu saba wanatosha, na akidi iwe watano, ili watu watatu wasijifungie chumbani wakaamua mambo ya wote. Kiongozi akae miaka mitatu, na akichaguliwa tena, mitatu mingine, kisha apishe. Mwenyekiti, katibu na mshika fedha wasiwe mtu na mkewe, wala mtu na nduguye. Najua visiwani kwetu sote tumehusiana kwa namna fulani, kwa hivyo wekeni mpaka unaoweza kufuatwa: mume na mke, mzazi na mtoto, ndugu wa baba au mama mmoja.

Kisha kiwekeni kifungu cha mgongano wa maslahi. Nitawaeleza kwa nini nakishikilia. Jumuiya moja niliyoifahamu vizuri iliezeka upya madarasa mawili ya madrasa. Bati zilinunuliwa duka la mmoja wa viongozi. Hakuna aliyeomba bei duka jingine, na mwenye duka alikuwamo kikaoni uamuzi ulipopita. Bati zilikuwa nzuri, nami naamini bei ilikuwa ya haki. Lakini watu walipouliza "mlilinganisha na nani?", kamati haikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kilichofuata ni maneno, na baada ya maneno, michango ikakatika. Mzee wa watu alikuwa muaminifu na alitoka kwenye uongozi ameinamisha kichwa.

Kwa hivyo andikeni: kiongozi mwenye faida katika jambo linaloamuliwa, yeye au jamaa yake, aseme kabla mjadala haujaanza, atoke chumbani, na katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Na kila manunuzi yanayozidi kiwango mtakachokiweka, tuseme shilingi 300,000, yawe na bei tatu za maandishi kutoka maduka matatu. Kanuni hii inamlinda muuzaji muaminifu kuliko inavyomzuia mwizi.

Kifungu cha mwisho ni cha kuvunjika kwa jumuiya. Wengi hukiruka kwa kuona ni nuksi kutaja kifo siku ya kuzaliwa. Kiandikeni. Nitarudi kwake.

Hatua ya 3: Usajili

Mambo ya jumuiya si ya Muungano. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, ambayo mtaiona sana kwenye mitandao, ni ya Tanzania Bara. Huku kwetu Zanzibar kuna Mrajis wetu, ofisa anayesajili jumuiya, na jumuiya nyingi mnazozijua zilizaliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya 1995. Kabla ya kujaza chochote, mmoja wenu aende ofisini kwa Mrajis akachukue fomu na orodha ya viambatanisho inayotumika sasa, pamoja na kiwango cha ada. Msitegemee karatasi ya jumuiya iliyosajiliwa zamani.

Andaeni mapema katiba iliyosainiwa, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha pamoja na mahudhurio, majina na anuani za viongozi, na barua ya sheha, mkuu wa shehia yenu. Kwa sheha msipeleke barua tu ya kugongwa muhuri. Kaeni naye mumweleze, kwa sababu siku watu watakapokuwa na malalamiko, kwake ndiko watakakoanzia.

Hili pia walielewe viongozi: cheti cha Mrajis hakiwapi msamaha wa kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, hadhi ya taasisi ya hisani hutolewa kwa uamuzi wa Kamishna baada ya kuombwa, haiji yenyewe. Na mkiajiri mtu, hata mmoja, kuna kodi ya mshahara wake na michango yake ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Nimeona jumuiya iliyomlipa karani "posho" miaka minane ili kukwepa haya. Alipougua hakuwa na kitu.

Hatua ya 4: Benki na simu

Fungueni akaunti kwa jina la jumuiya, waweka saini watatu, na hundi isitoke bila ya saini mbili. Mshika fedha awe mmojawapo. Asiwepo mtu anayesaini hundi tupu "kwa sababu kesho nasafiri". Kama anasafiri, malipo yangoje.

Benki itawauliza maswali mengi: nani wanachama, fedha itoke wapi, iende kwa nani. Msiudhike. FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, kiliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu Oktoba 2022 na kuitoa Juni 2025, na kinazo taratibu zinazohusu jumuiya za hisani hasa. Karani wa benki anafanya kazi yake. Mpelekeeni nakala za katiba, cheti na kumbukumbu za kikao kilichochagua waweka saini.

Michango ya simu ipokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Hapa ndipo kosa la siku hizi lilipo. Mtoto anaugua, mtu anatangaza namba yake mwenyewe kwenye kundi la simu, zinaingia laki nane kwa siku mbili zikichanganyika na fedha zake za biashara. Hata akizitoa zote, hawezi kuthibitisha. Kama dharura imewalazimisha kutumia namba ya mtu, basi siku hiyohiyo achapishe orodha ya miamala tokea wa kwanza hadi wa mwisho, aihamishe fedha yote kwenye akaunti, na orodha iwekwe kwenye faili.

Hatua ya 5: Fedha, na sharti lililokuja nayo

Zigaweni fedha zenu mafungu mawili. Kuna fedha huru, ambayo kamati inaweza kuitumia kwa kazi yoyote iliyomo kwenye katiba: ada za wanachama, viingilio, faida ya mradi mdogo. Na kuna fedha yenye sharti, ambayo mtoaji ameisemea. Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mfadhili kutoka nje. Mafakihi wamesema zamani kuwa sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama matini ya sheria yenyewe. Mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, hawezi kusema mwaka huu msikiti una fedha za kutosha, hebu kodi ya nyumba hii tuipeleke kwengine. Mfadhili akikupa milioni nne za kisima, wewe ni mutawali wa milioni nne.

Zaka ina masharti makali zaidi. Wanaostahiki wametajwa katika aya ya 60 ya Suratu Tawba, makundi manane, kwa hivyo kabla ya kuitumia zaka kwa ujenzi au mishahara waulizeni masheikh, na jibu liandikwe. Fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani, ina wakati wake pia: iwafikie maskini kabla ya sala ya Idi. Jumuiya inayoikusanya na kuikalia hadi Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, imeharibu amana hata kama hakuna senti iliyopotea.

Kuhusu ada za wanachama, ikusanyeni watu wanapokuwa nayo. Pemba, mwanachama anayeshindwa kutoa shilingi elfu mbili kila mwezi anaweza kutoa elfu ishirini na nne kwa mkupuo wakati wa msimu wa karafuu, akitoka kuuza, na hatasikia uzito. Wekeni meza siku hizo. Msimu ukiwa mdogo mtajua mapema kuwa mwaka utakuwa mgumu, mpunguze bajeti kabla ya kuahidi.

Ada hizi ndogo zina thamani kuliko hesabu yake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi duniani kote ilisimama kwa barua moja. Jumuiya inayomtegemea mfadhili mmoja kwa mshahara, kodi ya ofisi na umeme haina wiki mbili za uhai barua kama hiyo ikifika. Lengeni kuwa na akiba ya fedha huru inayoweza kuendesha ofisi miezi mitatu. Hamtaifikia mwaka wa kwanza. Wekeni kidogokidogo.

Na msione haya kuomba fedha za uendeshaji. Wino, karatasi, boti ya kwenda Unguja kupeleka ripoti, mkaguzi wa hesabu, vyote vina gharama. Andikeni kwenye bajeti ya mradi fungu la Ofisi, kwa kiwango chake cha kweli. Anayemwambia mfadhili kuwa kila shilingi itafika kwa yatima ndiye atakayekuja kufungua bahasha ya yatima kununua wino.

Hatua ya 6: Vitabu

Vitu vinne: kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapishwa, vocha za malipo, daftari la fedha na rejista ya mali. Kila kinachoingia kina stakabadhi, hata shilingi mia tano ya bibi kizee mlangoni. Kila kinachotoka kina vocha iliyoidhinishwa na mtu mwengine asiyekuwa mlipaji, na risiti ya dukani imebanwa nyuma yake. Anayechukua masurufu ya safari arejeshe hesabu ndani ya siku saba, na hapewi mengine kabla ya kurejesha. Stakabadhi iliyoharibika haichanwi. Inapigwa mistari miwili, inaandikwa "imefutwa", inabaki kitabuni.

Kila mwezi mshika fedha afunge hesabu kwa mafungu. Chukueni mfano huu wa kubuni. Kisima: hakikuwa na salio, zimeingia 4,200,000, fundi kalipwa 1,400,000, mabomba 1,050,000, usafiri 200,000, zimebaki 1,550,000. Mayatima: salio 600,000, zimeingia 900,000, sare na madaftari ya watoto 15 kwa 50,000 kila mmoja ni 750,000, zimebaki 750,000. Ofisi: salio 120,000, ada 180,000, matumizi 210,000, zimebaki 90,000. Jumla inayopaswa kuwepo ni 2,390,000.

Sasa fungueni taarifa ya benki. Inasema 2,490,000. Msifurahi kuwa kuna laki ya ziada. Hundi ya 150,000 ya muuza mabomba hajaipeleka benki. Itoeni, zinabaki 2,340,000. Ongezeni 50,000 taslimu zilizomo bwetani, mnapata 2,390,000. Zimelingana. Kazi hii inachukua nusu saa ikifanywa kila mwezi. Ikiachwa mwaka mzima inachukua wiki, na mwisho wake watu hugombana, maana hakuna anayekumbuka hundi ya Machi ilikuwa ya nani.

Angalieni pia kuwa Ofisi imetumia zaidi ya iliyoingiza. Hilo ndilo jambo la kuzungumza kwenye kikao, kabla halijaifikia bahasha ya jirani.

Hatua ya 7: Kikao cha kamati

Kamati ikutane angalau kila miezi mitatu, na wajumbe wapewe hesabu siku tatu kabla. Mjumbe ambaye hajui hesabu aulize hadi aelewe. Kuuliza hakumtuhumu mshika fedha, na mshika fedha mzuri hupenda kuulizwa. Katibu aandike kilichoamuliwa, nani atakitekeleza, lini. Kumbukumbu zisomwe na kusainiwa kikao kinachofuata. Kama mna mtendaji anayelipwa, aje atoe ripoti, lakini asipige kura juu ya mshahara wake.

Hatua ya 8: Hesabu mbele ya watu

Uingereza kuna tume ya kusimamia taasisi za hisani tangu 1853, na daftari lake liko wazi: mtu yeyote mwenye simu anaandika jina la taasisi, anaona wadhamini wake, mapato na matumizi yake. Sisi tunao ukuta.

Kila baada ya miezi mitatu andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: kilichoingia kwa kila fungu, kilichotoka, kilichobaki, kazi iliyofanyika, kazi iliyokwama na sababu yake. Ubandikeni mahali ambapo walengwa hupita: ukumbi wa sheha, kibarazani mwa msikiti, ubao wa skuli, kituo cha afya. Kina mama wengi hawatauona msikitini, kwa hivyo msitosheke na hapo. Wafadhili nao wapewe nakala hiyohiyo. Jumuiya yenye ripoti nzuri ya Kiingereza kwa mfadhili na isiyokuwa na karatasi hata moja kwa mama wa watoto inaowasaidia imegeuza mambo, na mimi nimeshiriki kuandika ripoti za namna hiyo. Najuta.

Majina ya watoto msibandike. Andikeni "watoto 15". Picha za yatima akipokea madaftari, kichwa kimeinama, mgeni anatabasamu, ziacheni kabisa. Kesho yuko darasani na wenziwe.

Kwenye mkutano mkuu mshika fedha asimame asome fungu kwa fungu, kisha anyamaze. Mwenyekiti atoe muda wa kutosha wa maswali. Mwaka tulipobandika hesabu kwa mara ya kwanza, mama mmoja alisimama, akasema amesoma bei ya mabomba ya kisima, na kwamba kijana wake ni fundi na bei ile ni kubwa. Tulitoa zile bei tatu, zikapitishwa kwa mikono kutoka safu hadi safu. Akasoma, akasema "haya", akaketi. Msimu uliofuata alileta ada yake ya mwaka mzima, na ya jirani yake.

Mkaguzi wa hesabu achaguliwe na mkutano mkuu, asiwe mjumbe wa kamati wala jamaa wa mshika fedha. Kama hamna uwezo wa kampuni ya ukaguzi kwa matumizi yenu ya ndani, mwalimu wa hesabu na mhasibu mstaafu wa shehia wanaweza kupitia vocha moja baada ya moja na kutia saini. Kisha peleka kwa Mrajis ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, pamoja na ada, kwa wakati. Jumuiya isiyowasilisha inajiweka katika hatari ya kufutwa. Miavuli ya jumuiya kama ANGOZA ya Zanzibar nzima, na PACSO kwa upande wa Pemba, imezoea kuzielekeza jumuiya changa katika mambo haya, wafuateni kabla hamjakwama.

Katika ule ukurasa wa ukutani wekeni pia mstari wa malalamiko: yapelekwe kwa nani, kwa njia gani, yatajibiwa ndani ya siku ngapi. Lalamiko dhidi ya mwenyekiti lisipokelewe na mwenyekiti. Likishindikana ndani, mwananchi anayo haki ya kwenda kwa Mrajis, na kama ni rushwa au ubadhirifu, kwa ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa na uhujumu uchumi. Waandikieni hivyo wazi.

Hatua ya 9: Kukabidhi, na kufunga

Mshika fedha akiondoka, hesabuni bweta mbele ya watu watatu: anayetoka, anayeingia na mjumbe mmoja. Andikeni fedha iliyomo, namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotumika, namba ya hundi ya mwisho, vitabu vingapi, mali zipi na ziko wapi. Wote watie saini. Benki ibadilishiwe saini wiki hiyohiyo.

Na jumuiya ikifika mwisho wake, kile kifungu cha katiba kitumike. Madeni yalipwe kwanza. Kilichobaki hakigawanywi kwa wanachama, hata meza na kiti. Kinakwenda kwa jumuiya nyingine yenye lengo linalofanana. Fedha yenye sharti huulizwa mtoaji kwanza, na kama ametangulia mbele ya haki, itafutwe kazi iliyo karibu kabisa na aliyoitaka. Mrajis aandikiwe, akaunti ifungwe kwa barua, na tangazo la mwisho libandikwe ukutani mahali palepale pa siku zote.

Tulipomzika Maalim, familia yake ilileta bweta ofisini. Bahasha zilikuwa nne, na juu ya kila moja, kwa penseli, ameandika kilichomo. Tulihesabu mara mbili. Katika ya Ofisi mlikuwa na shilingi 3,400, na ndivyo ilivyoandikwa.